Nyumba-Mwisho-Kabisa

Fundi wa kompyuta aliweka sikio kwenye mashine ya Shangazi, akasikiliza diski inavyogonga, akatikisa kichwa kama anayetoa pole. Alisema itawaka mara chache tu, kisha basi. Ndani yake zilikuwamo ramani zote za nyumba ambazo Shangazi na marehemu mumewe, ambaye sote tulimwita Rula, walichora tangu walipofungua ofisi yao ya chumba kimoja juu ya duka la vioo.

Nikamwambia Shangazi asihangaike, mimi nipo. Nilikuwa nimeshaweka kwenye mashine mpya mfumo wa kutunza matoleo: unaupa faili, unabonyeza "thibitisha", nao unakumbuka kila badiliko lake, na ukitaka kuona lilivyokuwa zamani unarudi nyuma tu. Kilichobaki ni kuhamisha. Nikachukua folda kubwa nzima, nikaisukuma kwa mkupuo mmoja, nikakaa na chai yangu kwa madaha. Mashine kuukuu ikanguruma, ikapata moto, ikazima. Nikaiwasha, nikarudia, ikazima tena. Na kwa kuwa sikuwa nimethibitisha chochote, mfumo haukuwa umehifadhi hata ramani moja. Mtaka yote hukosa yote, nami niliyakosa mbele ya Shangazi, jambo lililoniuma zaidi.

Nilipoikagua ile folda ndipo nikauona ugonjwa. Ramani moja ilikuwa na ukoo mzima: nyumba-mwisho, nyumba-mwisho-kabisa, nyumba-mwisho-kweli, nyumba-mwisho-wa-mwisho. Kila moja imebeba picha zilezile nzito za kiwanja. Hasira zikanipanda. Nikamwuliza Shangazi ni nani mwenye akili timamu anayeita kitu "mwisho" halafu anaendelea nacho.

Akacheka. Akanieleza kwamba walikuwa wanabishana. Yeye alimaliza kuchora, akaandika "mwisho", akaenda nyumbani. Asubuhi Rula anasogeza mlango, anaandika "mwisho kabisa". Yeye anaurudisha, anaandika "kweli". Mbele ya wateja walikuwa wapole kama maji ya mtungi. Ugomvi wote waliumalizia kwenye majina ya mafaili. Hii hasa ilikuwa nyumba yao wenyewe, ya kuishi uzeeni. Yeye alitaka dirisha la jikoni litazame barabara, Rula akataka litazame uani. Rula alifariki ubishi haujaisha na nyumba haijajengwa, na tangu hapo Shangazi hakuwahi kuzifungua tena ramani hizo.

Nikasema basi ni rahisi, tubakize ile ya karibuni, nyingine tufute, mzigo upungue. Shangazi akaacha kucheka.

"Ukizifuta hizo, mwanangu, umenifutia mume wangu," akasema. "Sauti yake sina popote. Ninayo humo tu."

Nikaondoa mkono kwenye kipanya. Niliona aibu kwanza, kisha nikaiona njia.

Hizo hazikuwa ramani nyingi. Ilikuwa ramani moja iliyobadilika mara nyingi, na mfumo wangu ulitengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Nikazipanga kwa tarehe. Nikaingiza ya kwanza kwa jina moja tu, nyumba, nikathibitisha. Juu yake nikaweka iliyofuata kwa jina lilelile, nikathibitisha. Picha zilizojirudia mfumo ukazihifadhi mara moja tu, na kwenye ramani ukatunza tofauti. Katika maelezo ya kila toleo nikaandika jina lake la zamani, na jina la mchoraji kama lilivyokuwa kwenye kona ya ramani.

Nikazifanyia hivyo ramani zote, fungu dogo kwa fungu dogo. Shangazi akawa anaipepea mashine kwa kipande cha boksi. Ilizima tena, tukaiacha ipoe, na safari hii tukaendelea pale tulipoishia. "Haba na haba," Shangazi akaanza, nikamwomba asimalizie.

Kesho yake adhuhuri fungu la mwisho likaingia. Nilipiga meza kwa furaha, nikampigia fundi simu kumringia. Nikiwa bado naringa, mashine kuukuu ikagonga, ikazima, na haikuwaka tena. Hatukuilaumu, ilikuwa imeshatoa kila ilichokuwa nacho.

Nikamfungulia Shangazi historia ya nyumba yao. Akasoma maelezo kwa sauti, ya kwake kwa sauti yake, ya Rula kwa sauti nzito ya kuigiza, anacheka huku anafuta machozi. Mwishoni akakuta jina la toleo aliloandika Rula, ambalo hakuwahi kuliona, maana lilikuwa limezama kati ya mengine: nyumba-umeshinda-wewe.

Akaifungua. Dirisha la jikoni lilitazama barabara.

Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Mjanja huyu," akasema. "Kanipa dirisha, kasogeza mlango."

Akashika kipanya, akaurudisha mlango, akahifadhi. Mfumo ukamwomba maelezo. Akaandika polepole, kwa kidole kimoja: Mwisho, Rula. Sasa tunajenga.