Dole Gumba kwenye Fomu

Barua ililetwa na tarishi wa halmashauri siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, wakati Fundi ameshatia uzi kwenye sindano na mguu uko juu ya kanyagio la cherehani. Tarishi alitaka asaini daftari kwanza ndipo ampe bahasha. Fundi akamuuliza kuna nini humo. Tarishi akasema kazi yake ni kufikisha, ya ndani hayajui. Jibu hilo peke yake lilitosha kumfanya Fundi akae chonjo.

Aliisoma amesimama. "Kufuatia maombi yako," ndivyo ilivyoanza, halmashauri ilikuwa inamfahamisha kwamba amepata nafasi namba tisa katika ukumbi wa jamii, chini ya mpango wa kuinua biashara ndogo zilizoanguka wakati wa korona. Angepata meza, umeme na kabati la kufunga kwa ufunguo, bure kwa mwaka mzima. Alitakiwa afike na kitambulisho kabla ya Ijumaa.

Maombi yapi? Hakuwahi kuomba kitu. Akarudia kusoma, akaigeuza karatasi nyuma, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti. Majina yalikuwa yake, yote matatu. Mhuri ulikuwa wa kweli.

Machale yakamcheza. Halmashauri hii hii ndiyo iliyopita barabarani mwaka ule wa korona, ikazoa meza za wafanyabiashara na yake ikiwemo, ati zinakwenda kupuliziwa dawa. Mpaka leo wanazisubiri. Leo wamepata wapi huruma ya kumpa mtu meza na umeme juu?

Halafu ukumbi wenyewe! Mumewe, aliyekuwa fundi bomba, alilazwa humo hospitali zilipojaa na ukumbi kugeuzwa wodi. Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akakaa siku kumi na moja, akatolewa kwa machela. Tangu hapo Fundi akiwa na safari ya upande ule huzunguka kwa barabara ya pili, hata kama jua linachoma. Cherehani aliihamishia chumba cha mbele cha nyumba ya wakwe zake, akawa anashonea humo, anakula humo, na siku nyingine anasinzia humo humo juu ya vitambaa vya watu.

Mchana shemeji yake alirudi. Ni mdogo wa marehemu, kijana mtanashati anayefanya kazi ya kuandika mikataba kwa dalali wa nyumba. Fundi akamwonyesha barua. Aliipitishia macho mara moja tu, uso ukachanua.

"Shemeji, hiyo bahati! Nenda kesho, usichelewe. Nafasi kama hizi watu wanazitafuta kwa tochi."

"Na wewe ulijuaje kuwa ni bahati? Hujaimaliza hata kuisoma."

"Si nimeona 'bure'? Neno hilo likiwepo mengine ya nini?"

Akaingia ndani anapiga mluzi. Fundi akabaki anauangalia mgongo wake. Wiki iliyopita alimfuma chumba cha mbele, ameinama, anapima ukuta kwa futi kamba, tena futi kamba ya Fundi mwenyewe, iliyotoka juu ya cherehani. Alipoulizwa alisema anataka kujua kama kabati litaenea. Kabati gani? Nyumba nzima haina mtu aliyesema habari za kabati. Sasa hesabu ikajipanga yenyewe kichwani: shemeji anataka chumba, kwa hiyo shemeji amejaza fomu.

Usiku huo mama mkwe wake alimuuliza mbona hali chakula. Fundi akasema tumbo. Mama mkwe akamtazama kidogo, akaendelea kutafuna taratibu kwa upande wenye meno, hana hili wala lile.

Jumanne Fundi alipiga moyo konde akaenda. Ila mlangoni pa ukumbi miguu ilikataa. Palikuwa pamepakwa rangi mpya ya kijani, na ndani zilisikika nyundo za watu wanaofunga meza. Akasimama barazani, akaagiza aitiwe mhusika. Akatoka afisa wa maendeleo ya jamii, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, faili kwapani.

"Karibu ndani, dada."

"Hapa panatosha. Nataka kuiona hiyo fomu niliyoomba."

Afisa hakuuliza kwa nini. Alifungua faili juu ya ukuta wa baraza. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi, namba ya simu, kila kitu sahihi, kimeandikwa kwa mwandiko wa ofisini. Chini kabisa, mahali pa sahihi, palikuwa na alama ya dole gumba, ya zambarau, imegandamizwa kwa nguvu mpaka wino umetapakaa.

"Mimi najua kuandika," Fundi akasema polepole. "Nina sahihi yangu. Hili dole la nani?"

"Fomu inasema ni lako."

"Nakuuliza wewe, siulizi fomu."

Afisa alivua miwani, akaifuta na upindo wa gauni, akachukua muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Watu walikuja wengi siku ile, wamejifunga mitandio, wengine bado wanavaa barakoa. Sasa sikiliza. Ukiikana fomu hii, lazima niandike kwamba imeghushiwa, jambo litakwenda kwa wanasheria, na meza atapewa mwingine. Usijibu leo. Rudi kesho."

Njia nzima Fundi alikuwa anayapima maneno hayo. Kwa nini ampe siku nzima ya kufikiri? Na ile miwani, alikuwa anaifuta au anaficha macho? Kufika nyumbani alikuwa ameshachemka. Alimkuta shemeji sebuleni na mama mkwe amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, akamwaga yote hapo hapo bila hata kuvua viatu.

"Umeniuza, shemeji! Umenijazia fomu ili unitoe chumbani. Kaka yako hata miaka miwili hajamaliza kaburini!"

"Mimi?" Shemeji alisimama. "Mimi niweke dole gumba? Mtu ninayeandika mikataba ya watu kutwa nzima? Kama ningetaka kughushi si ningeighushi sahihi yako, nzuri kuliko yako mwenyewe!"

"Kwa hiyo hukitaki chumba?"

"Chumba ni habari nyingine. Mpangaji wangu anaingia tarehe moja, uende ukumbini usiende..."

Neno lilikuwa limeshatoka. Fundi alikuwa amemshika mwizi kweli, ila kwa kosa lingine.

"Basi," alisema, "aliyeweka dole hilo ajue halmashauri wanampeleka kwa wanasheria. Mimi kesho naikana fomu."

Mchele ukaacha kulia kwenye ungo.

"Mwanangu," mama mkwe akasema bila kuinua kichwa, "hao wanasheria, mtu wanamwita ofisini, au wanamfuata nyumbani?"

Fundi aligeuka. Katika nyumba ile watu walikuwa watatu, na mmoja tu ndiye aliyekuwa hajui kusoma wala kuandika. Jinsi alivyokuwa amekazana kumshuku kijana na serikali, bibi kizee wa watu hakumpitia hata akilini.

"Mama. Ni wewe?"

"Sasa ningefanyaje? Nimemsikia huyu kwenye simu anapatana na mpangaji, anadhani sisikii. Nikasema, mke wa mwanangu atatolewa na cherehani yake aende wapi? Nikachukua kitambulisho chako kwenye mkoba, nikaenda."

"Ulikwenda pale? Ukaingia ndani?"

"Niliingia." Mikono ilikuwa imetulia juu ya ungo. "Nilidhani nitamwona mwanangu kila kona. Sikumwona. Niliona watu wanapiga misumari. Nikakaa kwenye foleni mpaka zamu yangu, nikasema mimi ni fundi cherehani."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekwenda? Wewe ukipewa maji unauliza nani kayachota."

Shemeji akacheka, akaona anacheka peke yake, akatoka nje. Fundi alikaa chini kwenye mkeka, viatu bado miguuni, akalia kama hajawahi kulia tangu siku ya mazishi. Mama mkwe hakumbembeleza. Alimsogezea ungo, wakachambua wote.

Jumatano walikwenda wawili. Mlangoni Fundi alisita tena, na mama mkwe wala hakumngoja, alipita mbele na mkongojo wake kama mwenye nyumba. Ikabidi amfuate. Sakafu ilikuwa ya saruji mpya, ikinuka rangi na mbao. Afisa alipomwona bibi yule aliweka kalamu chini.

"Eti karibu, mama wa miaka thelathini na tisa!"

"Nilikuwa nimechoka siku ile," mama mkwe akajibu, "ndiyo maana uliniona mkubwa."

Kumbe afisa alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa amekubali fomu, akaamua kusubiri mwenyewe ajitokeze. Akatoa fomu nyingine tupu, Fundi akaijaza kwa mkono wake, na ile ya zamani ikachanwa vipande vinne.

Hata hivyo Fundi hakulegea. Alisoma masharti mara tatu, kidole juu ya kila mstari. Aliuliza nani anashika ufunguo wa akiba wa kabati. Aliuliza zile meza zilizozolewa barabarani ziko wapi. Afisa akainamisha kichwa, akasema nyingi zilioza ghalani, na hilo lilikuwa kosa lao. Mwisho akauliza, "Na mwaka ukiisha, mtatufukuza?"

"Sijui," afisa akasema. "Ningekuahidi, ningekuwa nakudanganya. Bajeti ya mwakani haijapita."

Katika barua na hotuba zote alizowahi kusikia kutoka halmashauri, hilo lilikuwa neno la kwanza kuliamini. Akasaini.

Cherehani ilihamishwa Jumamosi kwa mkokoteni. Shemeji ndiye aliyeusukuma, jasho linamtiririka kwenye shati lake safi, na hakuna aliyemwambia pole. Mpangaji akaingia tarehe moja, akawa mtu mtulivu asiye na makuu. Wiki ya kwanza Fundi alipata kazi ya kupunguza suruali mbili tu. Ya pili, sare za wafanyakazi kumi na sita wa kiwanda cha sabuni. Mama mkwe huja naye kila asubuhi, hukaa kwenye benchi la ukutani na kuwasimulia wateja kwamba meza namba tisa ni yake, yeye ndiye aliyeiomba. Fundi hamkanushi. Ila ufunguo wa kabati anatembea nao shingoni, na kila jioni kabla ya kutoka hulitikisa kufuli mara mbili.