Binamu wa Delbert

Emmett Tillman alipanda mabasi mawili kufika kituo cha wazee, na kila ngazi ya basi ililikumbusha goti lake kwamba halina kazi tena duniani. Alikuwa amevaa koti la suti, lile la mazishi, kwa kuwa hakuwa na jingine. Leo Delbert, aliyekuwa akitunzwa pale, angeulizwa swali moja tu. Akilijibu, wangekaa chumba kimoja hadi mwisho wao. Asipolijibu, Emmett angeendelea na mabasi.

Kituo kile kiliendeshwa kwa fedha za serikali, na miaka yote chumba cha watu wawili kilikuwa cha mume na mke, basi. Sasa sheria ilikuwa imebadilishwa: anayepokea fedha za umma haruhusiwi kumbagua mtu kwa sababu ya yule anayempenda. Kuna watu walioipigania sheria hiyo, wakanyeshewa na kutukanwa barabarani. Emmett hakuwa mmoja wao. Aliwatazama kwenye televisheni, sauti ameipunguza jirani asisikie, na iliposemwa kwamba imepita alizima, akaosha vyombo, akalala. Hata furaha ilikuwa imemchosha.

Bi Yolanda Prater, ofisa ustawi wa kituo, alimpokea mlangoni akiwa na kitambulisho kifuani na kalamu mkononi.

"Bwana Tillman, mimi nakuamini," alisema. "Ila lazima nimsikie yeye mwenyewe. Siwezi kumwingizia mtu mgeni chumbani kwa maneno ya mgeni mwenyewe, si unaelewa? Aseme tu wewe ni nani kwake."

"Na akisahau?"

"Chumba kitaenda kwa wengine. Wanasubiri, na wao pia wamenililia. Sina namna, baba."

"Nipe dakika kidogo naye."

Delbert alikuwa ameketi dirishani, amenyolewa vibaya. Yeye aliyewanyoa nusu ya wanaume wa kusini mwa jiji la Toledo sasa alinyolewa na vijana wasiojua hata nywele zinalalia upande gani. Siku nyingine alimsahau mama yake. Siku nyingine alisahau kwamba ameshakula. Lakini Emmett, Delbert hakuwahi kumsahau hata siku moja.

"Em," alisema. "Mbona umevaa hivyo, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nisikilize, Del. Anakuja mama mmoja kukuuliza mimi ni nani kwako. Mwambie ukweli."

"Ukweli upi?"

"Ule wetu. Siku hizi unaruhusiwa. Mwambie tumeishi pamoja tangu tukiwa na nywele."

Delbert alicheka. "Wewe hukuwahi kuwa na nywele, mzee. Mimi ndiye kinyozi, najua nilichokuwa nakata."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia. Kwani mimi mtoto?"

Bi Yolanda akaingia, akavuta kiti, akaweka kalamu tayari. Aliuliza kwa upole kabisa. Hakuna wa kumlaumu.

"Bwana Delbert, huyu bwana ni nani kwako?"

Delbert aliitazama kalamu. Akakitazama kitambulisho. Mgongo wake, ambao ulikuwa umepinda tangu majira ya baridi, ukanyooka.

"Huyu ni binamu yangu," alisema.

"Del," Emmett alisema.

"Binamu, mama. Bibi yetu mmoja, Bibi Wilhelmina wa Sandusky. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu, akipika supu ya kabichi anakaa kwenye stuli. Baba yake huyu na mama yangu walizaliwa nyumba moja. Tunapanga pamoja kupunguza kodi. Kila mtu na kitanda chake."

Bibi Wilhelmina hakuwahi kuwepo. Walimtunga wenyewe, mezani jikoni, mwaka waliopanga nyumba yao ya kwanza, wakati Emmett akiendesha basi la shule na neno moja tu lingetosha kumfukuzisha kazi. Walifanya mazoezi jioni baada ya jioni. Delbert ndiye aliyempa bibi yule mguu mbovu, kwa sababu, alisema, watu hawamtilii shaka mgonjwa. Mwenye nyumba alimwamini bibi, shule ilimwamini, hata padri alimwombea. Yote mengine yalikuwa yakivuja kichwani mwa Delbert, bibi huyo peke yake alikuwa mzima.

"Una hakika?" Bi Yolanda aliuliza. "Hakuna atakayekudhuru hapa. Si mwenzi wako?"

"Mama, unamtukana binamu yangu."

Bi Yolanda alimtazama Emmett kwa muda, akafunga kalamu. "Pole sana," alisema taratibu, akatoka.

Delbert alingoja hatua zake zifike mbali. Kisha akainama mbele, macho yanang'aa kama ya kijana.

"Kaenda?"

"Kaenda."

"Kajua?"

"Hajajua kitu."

"Nimemmaliza kwa yule bibi yetu. Umeona? Wewe ulikaa hapo umeduwaa, nikajua leo tumekwisha, Em ameshindwa, lazima nimwokoe mimi." Alikuwa akihema kwa furaha. "Siwezi kukusaliti kwa watu, unajua hilo? Hata wanifanye nini."

"Najua, Del."

"Nimesema vizuri?"

Emmett alitaka kulia, akaona hana nguvu hata za hilo. Angeweza kumwita yule mama arudi. Lakini angerudi na kalamu yake, na Delbert angeanza upya na bibi, stuli na supu, na safari hii angeogopa.

"Umesema vizuri sana," alisema.

"Basi funga mlango, nikushike mkono."

Milango ya kituo haikuwa na kufuli. Emmett aliinuka kwa goti lake, akaenda akausukuma mlango ukarudi, ukabaki na ufa. Kupitia ufa alimwona Bi Yolanda mwisho wa ukumbi, amesimama mezani kwake, akiinua simu kuwaita wale waliokuwa wakisubiri chumba. Emmett alikizungusha kishikio cha mlango mara moja, kwa sauti, kisikike.

"Umefunga?" Delbert aliuliza.

"Nimefunga," alisema, akarudi akampa mkono.