Bahari ya Wenzake

Bi Khamisa alikuwa anakuna nazi barazani kwake Jambiani pale hamu ya kwanza ilipomwingia. Ilikuwa hamu ya jirani yake Tabia: kusimama kwenye maji ya magoti, mwani unakusugua miguu, na huku unamsengenya mtu. Khamisa aliijua si yake, maana yeye hasengenyi. Akaendelea kukuna.

Kabla ya hapo hoteli ilikuwa imezungushia nguzo pwani ambako Khamisa na wenzake walikuwa wakilima mwani, wageni wapate pa kuogelea. Wanawake wakenda mjini Unguja, mtaa wa Malindi, kwa wakili Hafiz, ofisi yake juu ya duka la tiketi za boti.

"Hamwezi kusimama nyote mbele ya jaji," Hafiz aliwaambia. "Mtoeni mmoja adai kwa niaba yenu. Lakini jaji lazima aridhike kuwa dhulma yenu ni moja na mnachokitaka ni kimoja. Mkipishana tu, kila mtu atashtaki peke yake, na peke yake hafiki mbali."

Wakamchagua Khamisa. Hafiz alitaka saini tu. Lakini wao kumpa mtu idhini wanakujua kwenye ndoa, pale bibi harusi anapompa baba yake: unatamka kwa mdomo na unatia nia. Basi kila mmoja akamshika Khamisa mkono. "Nshakupa bahari yangu yote, unisemee." Na walinuia hasa.

Haikupita wiki hamu zote zikawa zimehamia kwake. Akatamani baridi ya alfajiri ya mwenzao Bi Ummukulthum. Akatamani kamba za mwani zichanje vidole ambavyo si vyake. Akatamani hata kukojoa baharini, na hiyo hakuuliza ya nani. Bamvua likija, maji yakitoka mbali, alikuwa hapati usingizi. Wenzake wakawa wepesi. Tabia akaanza kuuza sambusa.

"Umekonda, shoga," Tabia alimwambia.

"Nnabeba yako."

"Ala. Nzito?"

"Ina maneno mengi."

"Basi ntakuletea sambusa."

Siku ya kesi, wakili wa hoteli, kijana anaitwa Anwar, hakumgusa Khamisa. Alimwita Tabia.

"Shikamoo, Bi Tabia. Ile bahari unaitaka?"

Tabia alikuwa ameshaapa. "Marahaba, mwanangu. Siitaki. Sina haja nayo."

Na wenzake wakajibu hivyo hivyo, mmoja baada ya mmoja.

Hafiz akasimama akaeleza kuwa hamu zao wote anazo Khamisa. Jaji akasema hilo analiona, mwanamke mwenyewe anavyoonekana. Lakini sheria inataka watu wengi wanaotaka kitu kimoja, si mtu mmoja anayetaka vya wengi. Akaiondoa kesi ya pamoja. Mwenye dai lake aje peke yake.

"Warejeshee," Hafiz alimwambia Khamisa kwenye ngazi.

Akajaribu. Aliwashika mikono wote, "Chukua bahari yako." Lakini amana hairudi mpaka mwenyewe aitake, na kule kutaka ndiko walikokuwa wamempa.

"Kaa nayo tu, shoga," Tabia alisema, wala hakuwa na ubaya.

Nguzo zingalipo. Bamvua likija, Khamisa huenda kusimama nje yake, akatamani kwa zamu: kwanza yake, halafu za wenzake. Ya Tabia huiweka mwisho, maana ile inataka mtu pembeni wa kuzungumza naye.