Uzito wa Sanobar

Jioni za msimu wa pamba, Mwalimu Rauza alitenga beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi juu ya kigoda kando ya piano, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kugusa kibonye kabla ya kuloweka vidole. Makaka ya pamba, yale maganda makavu yanayoishika, yana ncha, na ncha hizo hazichagui kati ya kidole cha mchumaji na kidole cha mpiga piano. Wanafunzi walirudi kutoka mashambani kwa basi wakati wa magharibi, wakala supu ya tambi, wakaloweka, wakafanya mazoezi. Ukutani, juu ya piano, ilining'inia picha ya kiongozi wa nchi. Nchi ilipopata uhuru picha ilibadilishwa. Msumari ulibaki ule ule.

Hiyo ilikuwa shule ya bweni ya muziki, kwenye njia ya kwenda Samarkand. Watoto wake waliteuliwa kutoka wilaya zote kwa sababu ya wepesi wa vidole vyao. Kila vuli walipelekwa mashambani kwa sababu hiyo hiyo.

Jioni moja mwanafunzi aitwaye Zebiniso alikuwa bado ameloweka vidole wakati Sanobar alipoingia, akafunga mlango na kukaa mbele ya piano. Sanobar alikuwa amefariki vuli iliyopita. Alivaa sweta lake la kijani, na nyuzi za pamba zilikuwa zimemnasa kwenye nywele na kwenye nyusi.

"Umechelewa," alisema Mwalimu Rauza.

"Samahani, Mwalimu."

"Kucha?"

Sanobar alinyoosha mikono. Kucha zilikuwa fupi, kinyume na wasemao kwamba kucha za marehemu huendelea kukua. Mwalimu Rauza akafungua kitabu cha muziki pale walipokuwa wameachia.

Walikuwa wameachia mwisho wa ukurasa wa tatu. Siku aliyokufa, Sanobar alichoka akajilaza kidogo ndani ya tela la trekta, mahali palipokuwa laini. Wachumaji wakamwaga magunia juu yake bila kumwona. Kisha, kama ilivyo desturi, wanafunzi wazito wakapandishwa juu ya tela wakanyage, ili pamba ishindiliwe na nafasi ya nyingine ipatikane. Alipatikana mjini, kwenye ghala. Mkuu wa shule, Bwana Ergashev, aliwakusanya wanafunzi akawatangazia kwamba marehemu alizaliwa na moyo dhaifu. Mama yake, aliyekuwepo alipozaliwa, hakuwa na habari hiyo.

Ukurasa wa nne, ambao ndio wa mwisho, Sanobar hakuwahi kuujifunza. Ndiyo maana alirudi. Aliulizwa, akaeleza hivyo, na maelezo yakaonekana yanatosha. Mtihani wa robo ya kwanza ulikuwa unakaribia. Alitaka akae mbele ya watahini, aupige wimbo mpaka mwisho, na usikike. Hakuwa na ombi jingine.

Tatizo lilikuwa hilo la kusikika. Vidole vyake vilikwenda mahali pake bila kukosea, maana mwaka mzima hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuupitia wimbo kichwani. Lakini piano ilitoa mnong'ono tu, kama mtu anayeongea ndani ya mto. Mwalimu Rauza akafanya alivyowafanyia wanafunzi wote: akauinua mkono wa Sanobar kwa kiganja chake, kisha akakiondoa kiganja ghafla. Mkono wa mwanafunzi aliyelegea vizuri huanguka pajani kama samaki. Mkono wa Sanobar ulibaki hewani palepale, mpaka alipoambiwa aushushe.

"Kichwa chako kinajua," alisema Mwalimu Rauza. "Mkono haujapata habari. Sauti haitoki kwenye kidole, binti yangu. Kidole ni mlango tu. Sauti inatoka begani, mgongoni, mpaka huko unakokalia."

Sanobar alisema huko anakokalia hakuhisi kitu. Zebiniso akasema yeye anaweza kumgawia kidogo, maana huko kwake Mungu alijalia. Mwalimu Rauza akamwambia aloweke vidole na afunge mdomo.

Asubuhi mama wa usafi alifungua kifuniko cha piano afute vumbi, akakuta pamba kati ya nyundo na nyuzi. Aliitoa. Siku iliyofuata ilikuwepo tena, nyingi zaidi. Ilikuwa pamba safi, haina mbegu wala jani, na mama wa usafi aliona si haki kuitupa. Akampelekea mkuu wa shule ndani ya foronya.

Bwana Ergashev alikuwa akisumbuliwa na wilaya kwa sababu shule haikufikia kiwango cha pamba. Alituma foronya kwenye mizani. Jibu lilikuja kwamba ni daraja la kwanza. Mpaka siku hiyo alikuwa amelichukulia suala la Sanobar kuwa la masheikh, lisilomhusu. Sasa akaamuru msichana apewe piano kubwa ya ukumbini na saa nyingi za mazoezi, na akamshauri Mwalimu Rauza, kwa upole, asimharakishe.

"Mbona unamkimbiza mtoto?" alisema. "Mwenzio ana umilele mzima mbele yake."

"Ana mtihani," alijibu Mwalimu Rauza.

Bwenini mambo yaliendelea kama kawaida. Wavulana wa darasa la tisa, ambao hawakuwahi kukutana na jambo zito wakaliacha lilivyo, walijifunika shuka, wakajificha kwenye ujia wa ukumbini na kumtokea Sanobar wakilia kama mbweha. Sanobar alisimama akawapa pole. Aliwauliza wamefariki lini, na wanafanya mazoezi chumba gani, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na mtu tayari. Wavulana walirudi kulala mapema.

Ukurasa wa nne una sauti nzito za mkono wa kushoto, zinazoanguka moja baada ya nyingine. Sanobar alizijua zote, na zote zilitoka kama unyoya. Jioni moja Mwalimu Rauza alifunga kitabu. Alimuuliza kama kuna kitu chochote kizito alichowahi kukihisi tangu azaliwe, chochote kile, hata kama hakikuwa cha muziki.

Sanobar alifikiri.

"Miguu," alisema.

"Miguu ya nani?"

"Yao, walipokuwa wanakanyaga. Nilikuwa nimeamka. Nilitaka kuita, pamba ikaingia mdomoni, basi nikaanza kuupiga wimbo kichwani ili nisiogope. Nikafika mwisho wa ukurasa wa tatu."

Zebiniso alikuwa akikausha vidole. Alisema kwamba yeye alikuwa juu ya tela siku hiyo.

"Najua," alisema Sanobar. "Nani mwingine anatua kama gunia la viazi?"

"Tulikuwa tunashindana kuruka, mwenzangu."

"Nilisikia. Ulishinda."

Mwalimu Rauza alikuwa mwanamke wa Kitatari aliyefundisha piano maisha yake yote, na alijua kwamba mwalimu haruhusiwi kudharau kile mwanafunzi anachokuja nacho.

"Basi piga hivyo," alisema. "Usikipige kibonye. Tua juu yake. Kama Zebiniso."

Sanobar aliinua mkono wa kushoto na kuuachia. Sauti iliyotoka ilitikisa vioo vya madirisha. Akaachia tena, na tena, na kila sauti ilitua juu ya ile ya kwanza na kuishindilia chini. Zebiniso alitoka nje akasimama kando ya bomba la maji, ameshika ukuta, mpaka kengele ya chai ilipolia. Kisha akarudi, kwa sababu zamu yake ndiyo iliyofuata.

Tangu jioni hiyo pamba ilianza kupungua ndani ya piano. Nyuzi zilimtoka Sanobar kwenye nyusi. Kiti kikaanza kulia alipokikalia, na sakafu iliyopigwa deki ikaanza kuonyesha nyayo zake. Bwana Ergashev alimwita Mwalimu Rauza na kumuuliza anamfanya nini yule mtoto. Alijibiwa kwamba anamfundisha.

Siku ya mtihani walikuja watahini watatu kutoka mjini. Mama yake Sanobar alikaa nyuma kabisa, amepakata mkate wa tanuri uliofungwa kitambaani, kwa vile hakuna aliyemwambia kama marehemu hula. Sanobar aliinama mbele ya meza ya watahini, akaenda kukaa kwenye piano. Alipiga ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwishoni mwa ule wa tatu alisita, muda wa kuvuta pumzi kwa mtu anayeivuta. Zebiniso, aliyekuwa akimfungulia kurasa, akafungua. Sanobar akaingia ukurasa wa nne kwa uzito wake wote, akafika chini, akaishikilia sauti ya mwisho mpaka ikafa yenyewe, kama alivyofundishwa.

Watahini walimpa nne kati ya tano. Walisema katikati alikimbia kidogo, na Mwalimu Rauza alikubaliana nao.

Mama alisogea mbele akamuuliza mwalimu, kwa sauti ya chini, kama wimbo wenyewe ndio umekwisha au bado kuna kipande.

"Umekwisha, mama."

Mama akaukata mkate, akawagawia waliokuwa karibu.

Bwana Ergashev alisubiri ukumbi utulie. Alifungua kifuniko cha piano kubwa, akapitisha mkono kati ya nyundo na nyuzi, akautazama. Hapakuwa na uzi wa pamba hata mmoja. Kisha akamwita Sanobar, akauinua mkono wake kwa kiganja, kama alivyowahi kumwona Mwalimu Rauza akifanya, na kukiondoa kiganja. Mkono ulianguka ukagonga ukingo wa piano.

"Mzito," alisema, na alionekana kufurahi. "Basi kesho apande basi la kwanza la shambani."

"Mtoto huyu alifia huko," alisema Mwalimu Rauza.

"Ndiyo. Kwa hiyo shamba analijua."

Mwalimu Rauza alisema maneno mengine kadhaa, baadhi kwa Kitatari. Mkuu aliyasikiliza yote kwa heshima, kisha akaenda kupiga simu wilayani.

Kiwango cha darasa kiliongezwa, kwa kuwa darasa lilikuwa limepata mtu. Sanobar alichuma mstari mmoja na Zebiniso. Makaka yalimchana vidole kama walivyochanwa wengine, ila damu haikutoka, na msimamizi akasema huyo angalau hataichafua pamba. Alasiri tela lilijaa mpaka ukingoni na magunia yalikuwa bado mengi. Msimamizi akaita wazito wapande wakanyage. Zebiniso aliitwa wa kwanza, kwa sifa zake. Sanobar aliitwa wa pili.

Walipanda. Jua lilikuwa likizama nyuma ya miforosadi. Sanobar hakuruka. Alipiga magoti katikati ya tela, akaikung'uta pamba kwa kiganja, akainamisha kichwa na kubisha hodi. Akasubiri. Akabisha tena, mara ya pili na ya tatu, kama adabu inavyotaka. Chini, msimamizi aliwauliza wanangoja nini.

Hakuna aliyeitika. Zebiniso alimshika mkono akamsimamisha, nao wakaanza kukanyaga.