Mshipa wa Wangare

Chepngeno alipomaliza kukunjua bandeji, dole gumba la kushoto la Wangare lilijitokeza jeupe na lenye makunyanzi, kama kitu kilichosahaulika ndani ya sufuria ya maji.

"Sasa liinue, mathe. Polepole."

Wangare aliinua kwa moyo wote. Akainua na nyusi, akainua na mabega. Dole likabaki limelala pale pale.

"Limekataa," alisema.

"Halijakataa. Limefungiwa kwa kibao siku nyingi." Chepngeno, ambaye kazi yake katika hospitali ile ya Nakuru ni kufundisha mikono kushika na miguu kutembea upya, alisugua kovu kwa kidole kimoja. "Kano imeshonwa ikashika. Kano ndiyo kamba inayofunga nyama kwa mfupa. Nyama ikivuta, kamba inavuta, dole linaamka. Yako imegandana kidogo na ngozi. Ipe kazi ndogo ndogo, itajiachilia."

"Na isipojiachilia?"

Chepngeno alikunja bandeji kwanza. "Basi tutaona."

Wangare hakuipenda hiyo *tutaona*. Yeye huuza supu ya miguu ya ng'ombe huko Elburgon, kando ya viwanda vya mbao. Mkono wa kulia hukwangua manyoya kwa kisu, wa kushoto hushika. Dole lisilofunguka litakumbatiaje mguu wa ng'ombe? Jiko lake lingebaki kwa Tabby, jirani yake wa chapati, ambaye alikuwa amelishika tangu ajali ya kisu, na ambaye hakuwa na haya ya kusema supu imeanza kuwa tamu.

"Hiyo kamba," aliuliza, "ni ile nyeupe ya kwa kwato? Ile wateja hupigania?"

"Hiyo hiyo. Na ile inayoteleza kwa kifundo ni gegedu, mto wa mifupa. Kuna kamba zingine fupi za kufunga mfupa kwa mfupa. Hata mafuta, hata damu, ni wa ukoo huo. Kazi yao ni kushikanisha wengine na kuwatunza."

"Damu ni maji. Inashikanisha nini?"

"Inazunguka kwa kila mmoja ikimpelekea chakula."

"Kumbe ni mhudumu wa hoteli." Wangare akachukua mkoba. "Miaka yote nauza ukoo mzima kwa bakuli moja, na hakuna aliyeniambia."

Alipofika Elburgon, moshi wa jiko lake ulikuwa umechanganyika na harufu ya unga wa mbao, na Tabby alikuwa amevaa aproni yake. Aproni ya Wangare, yaani.

"Limeamka?" Tabby aliuliza.

"Bado linasinzia. Umezidisha chumvi."

"Na wewe umezidisha mdomo. Keti."

Wangare akaketi. Alitaka kusema asante, lakini yeye na Tabby walikuwa wametukaniana kwa upendo muda mrefu mno, na neno kama hilo lingemshtua mwenzake akadhani hospitalini wamegundua ugonjwa mwingine.

"Wateja hawakuhama?" aliuliza badala yake.

"Watahamia wapi? Kila asubuhi wananiuliza mshipa wa Wangare unaendeleaje."

Hapo Tabby akaanza kucheka, akashindwa kumaliza, ikabidi aweke mwiko chini.

Siku kisu kilipoteleza, Wangare alikuwa amepiga kelele moja tu: nimekata mshipa. Kwake kila kinachovuta, kinachopiga au kinachouma mwilini ni mshipa. Tabby akaitangaza habari sokoni akiifupisha njiani, hata ikamfikia mzee Zayed wa duka la viungo ikiwa imebaki hivi: Wangare ana mshipa. Sasa, kwa kina Zayed, ambao babu zao walitoka pwani, mshipa ni maradhi ya wanaume, ule uvimbe wa chini usioulizwa mbele za watu. Mzee alishangaa, lakini hakuuliza. Alileta chupa ya dawa aliyoichemsha mwenyewe, akampa macho yakiwa chini, akasema, "Mama, kutwa mara mbili. Na usibebe vizito." Wangare akainywa yote, chungu kama nini, kwa heshima.

"Ulijua?" Wangare aliuliza, Tabby alipomweleza maana ya mshipa kwa kina Zayed.

"Nilijua ulipofika nusu ya chupa," alisema Tabby akipangusa macho. "Nikaona usipoteze dawa ya mtu."

Wangare alicheka mpaka mbavu zikamlaumu. Alikuwa bado anacheka mzee Zayed alipoingia na kofia yake safi, akaketi kwenye benchi, akaagiza kama kawaida.

"Na ule mshipa, mama?" alinong'ona.

"Umetulia, mzee," Wangare akasema. "Ile dawa yako, sijaona nyingine kama hiyo."

Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Tabby alichukua bakuli, lakini Wangare akamnyang'anya upawa. Hii ingetoka mkononi mwake. Alichagua kipande chenye kano nene, nyeupe, inayotetemeka, akamimina supu juu yake, akataka kulibeba bakuli kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni wa heshima. Mkono wa kulia ulilishika. Wa kushoto ulihitaji dole lipande ukingoni.

Akangoja. Mvuke ukampanda usoni. Mgongoni mwa mkono, mahali fulani chini ya kovu, kitu kikavuta, kidogo tu, kama mtoto anayevuta leso ya mama yake. Dole likapanda ukingoni.

Tabby aliona, akageuka haraka kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri.