Jiko la Settimia

Settimia alikuwa na jiko na chumba kidogo nyuma yake, basi. Vyumba vya juu vilikuwa vya mdogo wake Ampelio, na ngazi ya kupandia huko ilianzia palepale jikoni, kando ya jiko la kuni. Ndivyo baba yao alivyowaachia, maana watu wa Castelbrea, kijiji cha Italia karibu na mpaka, hugawa nyumba chumba kwa chumba, huyu hiki na yule kile, bila kujali nani atapita wapi. Ampelio alivuka mpaka zamani, akafanya kazi Mentone upande wa Wafaransa, akaoa huko na kuzeekea huko. Vyumba vyake akawa anavipangisha kwa wageni wa likizo.

Wageni wenyewe walikuwa walewale miaka yote, Joost na mkewe Hanneke, Waholanzi, watu wema. Kila Agosti walikatiza jikoni na taulo mabegani wakishuka baharini, "Habari za asubuhi, mama," na jioni wakarudi na mchanga wao, "Habari za jioni, mama." Hanneke alizoea kuketi naye kumenya maharage. Lugha yao ilikuwa ya kuokoteza, lakini maharage hayahitaji maneno mengi.

Mwaka huu walitaka kununua. Nyumba yote, juu na chini.

"Hutoki, dada," Ampelio alimwambia. "Wananunua sasa, wewe unakaa mpaka siku zako ziishe. Wangapi wamefanya hivyo hapa? Hela unapewa, na kitanda chako hakuna wa kukigusa."

"Na bei wanaipangaje?"

Ampelio akatazama pembeni. "Wanaangalia umri. Ukiwa mzee zaidi, bei inakuwa nzuri zaidi."

"Basi waambie niko taabani," Settimia akasema, wakacheka wote wawili.

Alijua kwa nini mdogo wake ana haraka. Kule Mentone Ampelio alikaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na magoti yalikuwa yamekwisha. Akiuza angepata nyumba ya chini. Lakini nani atanunua vyumba ambavyo mlango wake ni jikoni kwa mtu mwingine? Bila Settimia hakuna mauzo. Basi akakubali.

Kijiji hakikumwacha salama. "We Settimia," jirani yake Nilla alimpigia kelele kutoka dirishani, "kuanzia sasa ukikohoa tu, kule Uholanzi watu wanakaa sawa kwenye viti!"

"Nitakohoa mara mbili, wafunge na mizigo."

"Usiwape raha hiyo! Mama yake Berto aliuza hivyohivyo, akamzika mnunuzi!"

Settimia alicheka mpaka akajifuta machozi. Ila tangu siku ile neno dogo lilikuwa limebadilika. Joost alipopita asubuhi akauliza, kama alivyouliza miaka yote, "Hujambo mama? Miguu haijambo?" wote wawili walilisikia swali limegeuka, kama anauliza zimebaki siku ngapi. Masikio ya Joost yakawa mekundu. Kesho yake alipita bila kuuliza kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumapili, kesho yake wakitarajiwa kwa wakili kutia saini, Ampelio alikuja, na Settimia akawapikia yeye na Waholanzi sungura kwa zeituni. Wakala, wakanywa, wakasifu. Walipokwisha, Hanneke akatoa futi ya kupimia.

"Mama, naweza kupima kidogo? Ni kwa ajili ya baadaye."

"Pima, mwanangu."

Futi ilikuwa inamchopoka. Settimia akainuka mwenyewe, akaubana mwisho wake ukutani kwa kidole. Wakapima dirisha. Wakaingia chumba cha nyuma, wakapima upande wa bahari, ambako Hanneke alitaka ukuta uvunjwe mwanga uingie.

"Kitanda kinazuia," Hanneke alisema, akiwa ameinama.

"Si mtakiondoa tu," Settimia akamjibu. "Kwani wakati huo…"

Alitazama mkono wake ulioshika futi. Ulikuwa umetulia, kama anaanika nguo. Hakuna aliyemsukuma. Kitanda alikuwa amekwisha kukiondoa yeye mwenyewe akilini, akaona na mwanga ukiingia, akaona hata kwamba chumba kimependeza.

Akaachia futi, ikajikunja yenyewe kwa kelele.

"Siuzi," akasema.

Ampelio akaja mlangoni. "Dada, usilete utani mbele za watu."

"Si utani."

"Wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Wangekuwa wabaya ningewafukuza, nikalala vizuri. Hawa ni wema, nitawasaidia. Nitawashikia futi mpaka waimalize nyumba, na mimi nimo ndani."

Hanneke alifunika mdomo kwa mkono. Joost alisema polepole kwamba wameelewa, ila vyumba vya juu peke yake hawatavinunua. Wakapanda juu, na kwa mara ya kwanza Hanneke aliuliza, "Tunaweza kupita?"

"Na magoti yangu?" Ampelio akauliza, walipobaki wawili.

Settimia akarundika sahani za mezani. "Rudi ukae hapa," akasema mwishowe. "Huku chini, nami."

"Nilale jikoni kwako kama paka?"

"Paka halalamiki."

Siku nyingine Ampelio angecheka. Akachukua koti lake.

Njia ya kushukia barabarani ni ya ngazi za mawe, zimeliwa katikati kwa kukanyagwa. Ampelio alisimama kwenye ya kwanza, akaitazama. Settimia akamshika mkono bila kuombwa. Naye akamwegemea kwa uzito wake wote, na hasira yake ilikuwa nzito vilevile. Ilimbidi Settimia avibebe vyote viwili. Wakashuka hivyo, wakipumzika kila walipoishiwa pumzi.

Kwenye gari Ampelio aliketi, mkono kwenye mlango ulio wazi.

"Agosti ijayo nitawapangishia wengine," akasema, macho mbele. "Siwajui watakuwa watu gani."

"Wapite tu," akasema Settimia.