Neno la Orrin Dethlefs

Asubuhi ya mchezo Lavonne Dethlefs alinikuta nikipigilia kituo cha pili cha uwanja ardhini, akaniomba jambo ambalo mwamuzi haombwi.

"Ukiona, amua. Usipoona, amua vilevile. Ila Orrin usimuulize."

Kwenye maonyesho yetu ya kaunti, yale ya mambo ya kale, watu hufua vyuma kwa mvukuto na kusukasuka maziwa mpaka yatoe siagi, na Jumamosi alasiri tunacheza besiboli ya zamani. Mpigaji huupiga mpira kwa gongo, kisha hukimbia kituo hadi kituo mpaka arudi nyumbani, pale alipoanzia, ndipo pointi ihesabiwe. Hakuna glavu. Ukiudaka mpira hewani, au baada ya kudunda mara moja tu, mpigaji ametoka, na pointi za pigo hilo hazihesabiwi. Ukidunda mara mbili, yuko salama. Mwamuzi ni mmoja, mwenye kofia ndefu nyeusi na koti la sufu kwenye joto la Agosti, na asipoona vizuri humuuliza mchezaji mwenyewe. Mchezaji akijibu, basi, habishiwi. Lavonne ndiye aliyeuanzisha mchezo huu hapa. Yeye hualika timu, hushona sare, hugombana na kamati ili tusitupwe nyuma ya mabanda ya nguruwe. Kila mwaka huwaambia wageni kwamba bila neno la mtu huu si mchezo, ni watu wazima wenye ndevu wanaokimbia juani.

Mimi nilifika na kampuni ya mabembea, enzi hizo sikai mahali. Homa ilinibakiza hapa wenzangu walipofungasha, na Orrin, mumewe Lavonne, fundi wa visima, akanipa chumba juu ya gereji yake. Hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Hata pai ya mtu ikiwa mbaya, Orrin hasemi ni tamu. Anasema amekula.

Tangu theluji ilipoyeyuka alikuwa ameanza kusahau. Kilichotokea sasa hivi kinamtoka, na palipobaki tundu anaweka kingine bila kujua. Daktari aliwatajia ugonjwa. Orrin akamkataza mkewe kumwambia mtu, nami niliambiwa kwa sababu tu ningeona mwenyewe. Lavonne alimsihi apumzike msimu huu. Akajibu kwamba siku akikaa nje, kaunti nzima itajua.

Timu ya wageni ililetwa na Rollie Sturdevant, muuza matrekta wa kaunti ya jirani, mtu wa maneno. Alituambia tumletee mrushaji wetu kiti, maana amechoka. Mrushaji akamjibu kwamba kiti ampe mpigaji wake, ndiye aliyesimama muda mrefu bila kazi. Watu wakacheka huku wakitafuna mahindi. Mwanzoni ilikuwa siku nzuri.

Kisha mpira ukaangukia kwenye marobota ya nyasi kavu wanapokaa watazamaji, upande wa Orrin. Sikuona. Kabla sijafungua mdomo aliinua mkono, akasema ameudaka. Watu wa kwenye marobota wakatazamana. Nikamtoa mpigaji. Baadaye ikatokea tena vilevile, na safari hii mgeni mmoja akasema kwa sauti, "Ndevu za kale, uongo wa leo." Shingo ya Orrin ikawa nyekundu.

Zamu ya mwisho wageni walikuwa nyuma kwa pointi moja, na watu wao wawili vituoni. Mpira ukapigwa kwa nguvu, ukaenda kulekule. Wakimbiaji wote wawili wakaingia nyumbani huku Orrin akitoka kwenye nyasi na mpira mkononi. Sturdevant akanijia, kofia kaishika kifuani.

"Bwana Mwamuzi, muulize. Nataka ajibu mbele ya watu."

Nilimtazama Lavonne kwenye meza ya pointi. Akatikisa kichwa. Lakini nikiamua bila kuuliza, mbele ya umati ule, ningekuwa nimesema neno la Orrin halina thamani. Nikamuuliza.

"Ulidunda mara moja, nikaudaka," Orrin alisema, macho yake yamenyooka machoni mwangu. Aliamini kila alichosema.

Sturdevant hakupaza sauti. "Nimekujua siku nyingi, Orrin. Sikukudhania hivi."

Hapo Lavonne akaja, ameshika gauni lake refu la kale lisiburute.

"Ulidunda mara mbili," alisema. "Na zile za mwanzo pia hakuzidaka. Lakini hasemi uongo, Rollie. Ni mgonjwa. Anasahau."

Orrin aliutazama mpira mkononi mwake.

"Tulikubaliana, Lavonne."

"Najua."

"Bora wangeniita mwongo."

"Kwako, labda. Mimi nisingeweza kukaa pale nikisikiliza."

Orrin akanigeukia, akaniuliza kama nami nilijua. Nikasema ndiyo. Akaniwekea mpira kiganjani taratibu, kama mtu anayerudisha kifaa cha kuazima, akaenda zake kwenye pikapu yake iliyoegeshwa kando ya shamba la mahindi.

Sturdevant alitaka pointi zile mbili zifutwe, mchezo uishie hapo, watu wakale. Lavonne akakataa. Alimwambia mpira ulidunda mara mbili, zihesabiwe, na kama anamhurumia mumewe basi acheze mpaka mwisho. Kisha akamfuata Orrin.

Nikamwita mpigaji anayefuata. Wetu walikuwa wamebaki wanane, na upande wa marobota, alipokuwa Orrin, ulikuwa wazi. Hakuna aliyesogea kuuziba. Mpigaji, jamaa wa mikono minene, aliutazama ule uwazi kwa muda, akageuza miguu, akaupiga mpira upande mwingine, mikononi kabisa mwa mtu wetu. Sturdevant akarudisha kofia kichwani.

Kule kwenye mahindi Orrin alikuwa amepandisha vioo vyote, joto lote lile. Lavonne alisimama nje akizungumza na kioo, mkono juu ya kitasa. Nikaita mpigaji mwingine. Nilipogeuka tena mkono wake ulikuwa haujatoka kwenye kitasa, na kioo kilikuwa bado juu.